Jinsi ya Kuhakiki Albamu ya Kelele Ukiwa Mogitu

Chaji simu kwanza. Albamu ya KMRU, msanii wa Nairobi, ya mwaka 2020 iitwayo Peel inachukua zaidi ya saa moja, haina ngoma, haina mwimbaji, na haina kiitikio cha kukujulisha kwamba sasa tumefika katikati. Simu ikikuzimikia njiani huna haki ya kuandika hata sentensi moja, maana katika muziki wa aina hii jambo kubwa kuliko yote linaweza kuwa lile lililobadilika dakika kumi za mwisho. Kwa hiyo ukiwa Mogitu, hapa wilayani Hanang, siku ambayo umeme umekatika, wahi kibanda cha sola, lipa hela ya chaji, na ukae hapohapo. Akitokea mwenye haraka anayetaka simu yako ichomolewe impishe ya kwake, mweleze kwa heshima kwamba na wewe uko kazini.

Uhakiki ni kazi, na huku kwetu inahitajika. Muziki wa umeme usiopigwa redioni, uwe ule wa mdundo mmoja unaorudiwa mpaka ukuchanganye au ule wa kelele tupu, unatengenezwa Mburahati, Kampala na Nairobi. Wanaoufuatilia kwa maandishi wako London, Berlin na New York. Wanaufuatilia vizuri, lakini karibu kila kitu kinaandikwa kwa Kiingereza, na msikilizaji wa Kiswahili aliyeko Katesh, Haydom au Tandale hana wa kumwambia ipi inunuliwe, ipi iachwe, na kwa nini. Mtu akikuuliza kwa nini uhakiki ufanyike Mogitu na si Masaki, mjibu kwamba huku kuna utulivu wa kusikia, kuna upepo unaovuma mchana kutwa mashambani, na hakuna mtu anayejifanya ameelewa.

Chombo cha kusikilizia

Spika ya simu ni adui wa kwanza. Sikio la binadamu husikia kuanzia mitetemo 20 hivi kwa sekunde hadi 20,000, lakini spika ndogo kiasi hicho haina ubavu wa kutoa sauti za chini. Besi inapoingia, simu inakohoa tu. Ukisikiliza hivyo utaandika kwamba albamu ni kavu, kumbe kikavu ni chombo chako. Tafuta hedifoni nzima, yaani inayolia pande zote mbili, kwa sababu wasanii wa muziki huu hupenda kuweka jambo kulia na jawabu lake kushoto. Mwenye sikio moja la hedifoni anasikia ugomvi wa mtu mmoja.

Halafu hama kutoka hedifoni uende kwenye sabufa. Muombe fundi redio akuachie yake saa ambazo hana wateja, umwekee flashi yako, na usimame. Sauti ya mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa karibu mita 7, refu kuliko vyumba vyetu vingi, na ndiyo maana besi hubadilika kila unapohama. Kuna mahali ndani ya chumba inapotea kabisa, kuna kona inajaa mpaka bati linatetemeka, na mara nyingi nje ya mlango inagonga vizuri kuliko ndani. Kwa hiyo zunguka. Kaa pembeni, simama kizingitini, toka nje hadi karibu na zizi, na kila mahali andika ulichosikia. Watu watakuona unaizunguka nyumba na daftari mkononi. Wasalimie, endelea.

Usihakiki faili ulilorushiwa WhatsApp na rafiki wa rafiki. Kila faili linapobanwa, sauti za juu kabisa hutupwa za kwanza, na katika muziki wa kelele hizo ndizo alizokesha nazo prodyuza. Nunua nakala yako. Kwenye duka la Bandcamp, ambako wengi wa wasanii hawa huuza, makato kwa mauzo ya faili ni asilimia 15, na tangu Machi 2020 kuna Ijumaa maalumu ambazo duka huachia fungu lake liende kwa wasanii. Bando linauma, najua. Pakua usiku, lala, asubuhi usikilize ukiwa na akili ya asubuhi.

Nenda mashineni

Zoezi hili halihitaji bando wala hedifoni, na kwangu ndilo linalofundisha kuliko yote. Nenda kwenye mashine ya kusaga inayotumia dizeli, saa ambayo foleni ni ndefu, ukae chini usikilize nusu saa. Mama aliye nyuma yako atakuuliza debe lako liko wapi. Mwambie ukweli: “Mama, nimekuja kusikiliza.” Atakushangaa, kisha atakuachia nafasi yako kwa sababu huna mahindi ya kumchelewesha.

Sikiliza sasa. Mashine ikiwa tupu hulia juu na kwa wepesi. Mahindi yakimwagwa inalemewa: sauti inashuka, moshi unakuwa mzito kidogo, kisha injini inajikaza na kurudi karibu na ilipokuwa, ila si palepale. Mkanda nao una pigo lake, kwa sababu una mshono, na mshono ukipita kwenye puli unagonga. Pigo hilo haliendi sambamba na pigo la injini. Yanakaribiana, yanapishana, yanakutana tena baada ya muda ambao ukiwa na subira unaweza kuuhesabu. Debe likielekea kuisha, punje za mwisho zinaruka na kulia moja moja ndani ya bati kabla sauti haijapaa juu tena. Hayo yote yamo kila siku, na wanaopanga foleni wanayajua hata kama hawayasemi: ona wanavyosogeza madebe yao kabla mwenye mashine hajaita, maana wamesikia la mbele limekwisha.

Ukirudi nyumbani, andika uhakiki wa mashine. Namna hii:

“Inaanza kwa mlio mmoja mwembamba usiojali kama unaupenda. Baada ya sekunde chache unaingia uzito kutoka chini na mlio wote unainama. Anayetegemea mabadiliko makubwa hatayapata. Kinachobadilika ni umbali kati ya mapigo mawili, moja la injini na moja la mkanda, na umbali huo ndio unaokushika. Katikati kuna kipindi kirefu ambacho mapigo yote mawili yanaonekana kulala pamoja, na hapo nilijikuta natikisa mguu. Mwisho umekatwa ghafla mno. Kilichokosekana ni ukimya wa kutosha kati ya debe na debe, kwa sababu sikio lilihitaji kupumua.”

Humo hamna “ladha ya kipekee”, hamna “safari ya hisia”, hamna “si muziki wa kawaida”. Kila sentensi inaweza kukaguliwa na mtu mwingine aliyesimama kwenye foleni ileile. Ukiweza kuandika hivyo juu ya mashine ya unga, Berlin haitakutisha.

Kurudiarudia si kitu cha kuja na meli

Wahakiki wengi wachanga huingia kwenye muziki huu wakiomba radhi, kana kwamba wameazima nguo ya mtu. Acha. Mwaka 1944 huko Cairo, Halim El-Dabh alichukua mashine ya kurekodia kwa waya, akarekodi wanawake katika sherehe ya zari, ya kupunga pepo, kisha akazichezea sauti hizo mpaka zikawa kitu kingine. Pierre Schaeffer wa Paris, anayetajwa vitabuni kama baba wa kazi hiyo, alianza kutoa vipande vyake mwaka 1948. Steve Reich, Mmarekani anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa muziki wa kurudiarudia kwa vitu vichache, alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma, na mwaka uliofuata akakamilisha Drumming. Wameazima kwetu vya kutosha.

Na hatuhitaji kwenda Cairo. Ilimba, ala ya vidole gumba ya Wagogo, jirani zetu wa kusini, ina kitundu kilichozibwa kwa utando wa buibui ili kila mlio uwe na mvumo wa kukereza juu yake. Yaani fundi anatengeneza chombo kisafi, kisha kwa makusudi anakiwekea kelele. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka ilimba hiyo duniani kote, na mwaka 2002 albamu yake na Michael Brook, Assembly, iliiweka katikati ya mitambo ya umeme. Mwanawe Msafiri alifanya lake mwaka 2017 kwenye Uhamiaji. Ukiwasikiliza baba na mwana kwa kufuatana, usihangaike kutafuta nani wa asili na nani wa kisasa. Fuata ule mvumo wa kukereza tu: pale unapoachwa ulie wazi na pale unapofunikwa na mitambo. Kwangu mimi nyimbo zinazosimama ni zile ambazo mitambo imekubali kukaa nyuma ya mvumo huo.

Jua kaseti imetoka wapi

Hapa ndipo mhakiki wa Kiswahili ana mali ambayo mwenzake wa London hana, na ni aibu kuiacha.

Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso uliotoka studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam. Jina la lebo hilo Kiganda kinalitumia kwa hamu ya kucheza isiyozuilika. Mbele ya mama mkwe wako lisome kwa herufi, N.N.T., mambo yaende. Wenyewe walishapata misukosuko: mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda alilipiga marufuku tamasha lao la Jinja, kisha serikali ikaliruhusu. Baada ya mkusanyiko ule zikafuata Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke mwaka 2019, Mr Mondialisation ya DJ Travella mwaka 2022, na Singeli Ya Maajabu ya Sisso na Maiko mwaka 2024. Hizi ni albamu za singeli, lakini nyingi zimetoka zikiwa biti tupu au karibu tupu, na ndivyo zilivyopata rafu ya muziki wa majaribio huko ng'ambo.

Mapitio mengi ya ng'ambo huanzia kwenye kasi, na kasi kweli ipo: singeli huenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Fanya hesabu. Mapigo 240 kwa dakika ni manne kila sekunde. Hakuna mguu unaokanyaga mara nne kwa sekunde usiku kucha, na kigodoro, sherehe ya mtaani inakopigwa singeli, ni cha usiku kucha. Mchezaji wa Tandale au Manzese hachezi kila pigo. Miguu inachukua moja kati ya mawili au kati ya manne, kiuno kinachukua mengine, na mabega yanapumzika. Kwa hiyo ndani ya wimbo mmoja kuna mwendo wa haraka na mwendo wa taratibu kwa wakati uleule, na prodyuza mzuri ni yule anayeulinda ule wa taratibu usifukiwe. Hilo ndilo la kuhakiki. Sikiliza Duke na Jay Mitta kwa kupiga mguu kwenye ule mwendo wa nusu, na uone ni wapi wimbo unakuachia nafasi na ni wapi unakunyima. Kupima kasi na kushangaa ni kazi ya trafiki.

Ujue pia ilikotoka. Kabla ya singeli kulikuwa na mchiriku, na vinanda vidogo vya Casio vilivyounganishwa na vipaza sauti vibovu mpaka vikalia kwa kukwaruza. Jagwa Music walionyesha hivyo kwenye Bongo Hotheads mwaka 2012. Halafu wakaja vijana wa kompyuta wakachukua vipande vifupi vya vinanda vya taarabu, wakavizungusha na kuvikimbiza. Mtu aliyekulia nyumba yenye redio anaweza kusikia kipande cha sekunde mbili na kutambua mwendo wa taarabu ndani yake, hata kikiwa kimekimbizwa maradufu. Mama yako anaweza zaidi. Mpe hedifoni, umwambie, “Mama, hebu sikiliza hapa, hiki kinanda unakijua?” Akikijua, umepata aya ambayo wahakiki wengi wa Ulaya hawawezi kuiandika.

Usisahau pesa, na albamu ya Jay Mitta imekukumbusha kwa jina. Andika nani alitengeneza biti, wapi, kwa vifaa gani kama vinajulikana, nani alichanganya sauti, na lebo ni ya nani. Nyege Nyege ilianzishwa Kampala na Arlen Dilsizian na Derek Debru, wote watu waliotoka Ulaya, na imefungua milango ambayo sisi hatukuifungua. Hayo mawili yaandike yote. Duke naye ana Pamoja Records yake. Msomaji akijua hivyo ataweza kuamua hela yake ipitie mlango upi.

Nairobi ni habari nyingine. KMRU, yaani Joseph Kamaru, ni mjukuu wa Joseph Kamaru yule mwimbaji mkubwa wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, na mjukuu amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu. Muziki wake mwenyewe umejengwa juu ya sauti alizozirekodi nje, zilizonyooshwa na kulazwa moja juu ya nyingine. Mwaka 2022 alitoa Temporary Stored, akitumia rekodi zilizohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lile lililojaa mali za Kongo. Ukiihakiki hiyo, usikae kwenye uzuri wa sauti tu. Uliza rekodi zile zilichukuliwa kutoka kwa nani, na kwa nini lazima mwana wa Afrika Mashariki aende Ubelgiji kuzisikia. Nyokabi Kariũki naye, mwaka huohuo wa 2022, alitoa peace places: kenyan memories, na humo kuna kutembea katika shamba la bibi yake. Hapo mtu wa Mogitu usijifanye mgeni. Unajua shamba linasikikaje asubuhi. Sema kama lake umeliamini.

Nani anaitikia?

Usihakiki peke yako. Mchezee mwenye bodaboda, ambaye ana spika yake na flashi yake na ana maoni makali kuhusu besi. Mchezee mwanafunzi aliyerudi likizo. Na umchezee mzee.

Mimi nilimwendea mzee mmoja jirani, Mwiraqw, nikamwamkia, tukaongea habari za mvua kwanza kama inavyotakiwa, ndipo nikamwomba asikilize kipande cha KMRU. Alivaa hedifoni juu ya kofia. Alikaa kimya muda mrefu, macho kwenye Mlima Hanang, nami nikadhani amechoka. Alipozivua aliuliza swali moja tu: “Sasa hawa wanaoitikia wako wapi?”

Mzee huyo amekulia kwenye slufay, yale maombi marefu ambayo mmoja anatoa maneno na waliokaa wanamwitikia. Kwake sauti isiyoitikiwa haijamalizika. Nimelitumia swali lake kwa kila albamu tangu siku hiyo na bado halijaniangusha. Katika kigodoro wanaoitikia wako tele: MC anarusha, mtaa unarudisha. Albamu ikishatengenezwa biti tupu na kupelekwa Ulaya, waitikiaji wamebaki Tandale, na mhakiki anapaswa kusema kama biti inasimama bila wao. Poaa inasimama, kwa maoni yangu, kwa sababu Bamba Pana anapanga vinanda viwili vijibizane wenyewe. Kuna albamu nyingine, nzuri tu, ambazo unasikia kabisa pengo la sauti iliyotolewa, na biti inazunguka inamsubiri mtu.

Kwa KMRU jibu ni gumu zaidi. Nilidhani hakuna anayeitikia. Nikaja kugundua kwamba ukisikiliza Peel nje, bila hedifoni, kwa sauti ya wastani, kinachoitikia ni pale ulipo. Kengele za ng'ombe zinaingia. Upepo unaingia kwenye mahindi na huwezi kusema umeanza ndani ya albamu au nje yake. Mwanamke wa Kibarabaig akipita, bangili zake za shaba zinagongana hatua kwa hatua na ghafla albamu isiyo na mdundo imepata mdundo. Albamu mbaya ya namna hii inafukuza hayo yote, inataka ukimya kama wa maktaba. Peel inayapokea. Nimeijaribu sehemu nyingi na ninaamini hiyo ndiyo nguvu yake, ingawa unaposikiliza kwa hedifoni peke yake unaweza kumaliza saa nzima usiijue.

Mngurumo na mlima

Hapa naomba mhakiki awe mwangalifu. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki, na nyumba na mifugo vikaenda. Wapo watu huku ambao mngurumo mzito unaotoka mbali na kukua taratibu si jambo la sanaa kwao, na muziki wa umeme wa aina hii umejaa mingurumo hiyo hiyo. Ni chombo chake kikuu.

Kwa hiyo usiweke sabufa mtaani Katesh ukafungulia kipande cha dakika 20 cha mvumo wa chini bila kumwambia mtu. Waambie kwanza ni nini na kitaendaje, na mtu akisema hapana, zima. Kisha, ukirudi kwenye daftari, liandike hilo pia. Mhakiki wa Berlin anaweza kuusifu mngurumo kwa kuwa mzito na wenye kutuliza, na kwake ni kweli. Wa kwetu ana wajibu wa kusema kwamba sauti hiyohiyo, katika wilaya hii, ina kumbukumbu, na kwamba prodyuza aliyeijenga polepole, akaipa dalili kabla haijafika, amemtendea msikilizaji tofauti na yule aliyeibamiza ghafla. Kabla ya mwaka 2023 nilizipenda albamu za kubamiza kuliko ninavyozipenda sasa. Sioni sababu ya kulificha hilo kwa msomaji, na sioni kwamba linanifanya mhakiki dhaifu.

Kuandika

Taja dakika. “Dakika ya 6 na sekunde 10 kinanda kinaanza kupinda” ni sentensi ambayo msomaji anaweza kwenda kuihakikisha. “Katikati kunachangamka” haimsaidii mtu. Achana na maksi za kumi. Albamu ikipewa saba, hakuna anayejua tatu zimepotelea wapi.

Tumia Kiswahili ulichonacho mdomoni. Sauti inavuma, inalindima, inakereza, inachachatika, inapwita, inakwaruza, inadunda, inafifia. Huna upungufu. Maneno ya studio yakibidi, biti, lupu, sampo, miksi, yaandike kama mafundi wa Dar wanavyoyasema na usonge mbele.

Sema usichopenda, kwa jina na kwa sababu. Mapitio yetu ya muziki yamezoea kuwa matangazo ya kupongezana, na msanii wa majaribio ndiye anayeumia zaidi kwa pongezi tupu, kwa sababu hauzi nyimbo kwenye harusi na hana njia nyingine ya kujua kama kilichofika kwako ndicho alichotuma. Ukiona albamu nzima inategemea wazo moja lililokwisha dakika ya tatu, andika hivyo. Ukiona mtu ameweka sauti za kijijini ili tu zionekane za kijijini, uliza zinafanya kazi gani humo.

Ukimaliza, msomee mtu ambaye hajaisikia albamu. Mwambie akuigizie kwa mdomo jinsi anavyodhani inalia. Akiigiza kitu kilicho karibu, uhakiki umekomaa. Akikuigizia king'ora cha gari la wagonjwa na wewe ulikuwa unaeleza albamu ya ilimba, rudi mezani.

Mwisho mtumie aliyeitengeneza. Wengi wao wanapatikana kwenye kurasa zao za mauzo na wanajibu, na yule wa Mburahati ataisoma bila mkalimani. Usimtumie kiungo peke yake. Mwandikie mistari miwili, umwambie uliisikiliza wapi na kwa chombo gani, maana hilo litamfaa atakapokuwa anachanganya albamu inayofuata. Akijibu kwamba ulichokiita kinanda kwenye dakika ya 4 ni bawaba ya mlango wa studio, mshukuru, uandike sahihisho palepale uhakiki ulipotoka, kisha uifungulie dakika ya 4 upya kwenye sabufa ya fundi, umsikilizishe na yeye huo mlango.